Msamaha Usio Wangu

Nimeombwa msamaha mara nyingi kwa makosa ambayo mimi sikukosewa. Sehemu hiyo ya uadmini hakuna aliyenidokeza siku nilipokabidhiwa grupu la wapenzi wa mpira hapa Majengo, Sumbawanga. Nilijua nitafuta picha chafu, nitawatoa wanaotangaza mikopo ya mtandaoni na dawa za nguvu za kiume, nitaweka ratiba ya Ligi Kuu na kuwakumbusha vijana kwamba humu wamo mama zao. Sikujua kwamba watu wakiumizana humo ndani, aliyeumiza atakuja kwangu na kuniambia "Mwalimu, nisamehe", na waliobaki watanyamaza wakisubiri niseme yameisha ili warudi kwenye mpira wao.

Neno hilo nimekataa kulisema. Wapo ninaowaheshimu, wengine tunasali nao jumuiya moja, wanaoona kukataa huko ni ugumu wa moyo usiomfaa mtu aliyefundisha katekisimu. Nawaandikia hao kwanza.

Grupu letu ni la mchanganyiko, Simba na Yanga pamoja. Lilizaliwa kwenye kibanda umiza, ambako mechi ya kawaida unalipa mia tano na dabi unalipa buku, unabanana kwenye benchi la mbao na mtu aliyevaa jezi usiyotaka kuiona. Vijana walipopata simu, ubishi wa kwenye benchi ukahamia mfukoni. Kutoka Sumbawanga hadi Uwanja wa Benjamin Mkapa ni zaidi ya kilomita elfu moja, na wengi wetu hatujawahi kuukanyaga. Tulicho nacho ni redio, kibanda na grupu. Mara chache mpira umetufuata wenyewe huku juu Ufipa, kama Oktoba 2020, Tanzania Prisons walipoutumia uwanja wetu wa Nelson Mandela na kumfunga Simba bao moja bila. Yupo mzee wa Yanga hapa mtaani ambaye mpaka leo anaisimulia mechi hiyo kama aliyeifunga mwenyewe.

Yanga ilianza 1935, Simba 1936, na tangu hapo ni watani wa jadi. Yanga anamwita mwenzake Kolo, Simba anajibu kwa Utopolo. Mzee wa Simba akitaka kumnyamazisha kijana humrudisha 1977, sita bila, Kibadeni akifunga matatu peke yake, kisha anamalizia na zile tano bila za Mei 2012. Mzee wa Yanga naye ana tano zake za 1968. Humo ndimo tunamoishi, na sitaki kuuondoa utani huo. Grupu la Simba na Yanga lisilo na utani lingebaki ubao wa ratiba.

Maalim, fundi cherehani wetu, Yanga wa miaka mingi na mwalimu wa madrasa, ananikumbusha kwamba hata utani wenyewe unahitaji kutetewa mbele ya Mungu, maana Surat al-Hujurat inawakataza waumini kudharauliana na kupachikana majina mabaya. Tumelijadili sana jambo hilo yeye akiwa kwenye cherehani yake, mimi kwenye kigoda cha wateja. Hoja yake ni kwamba jina ambalo mwenyewe amelipokea na analicheka halimdhalilishi, na siku atakapolikataa ndipo linapogeuka dhambi. Nakubaliana naye, ila mimi naongeza jambo kutoka kwa watani wa makabila. Mtani anafika msibani, anajitosa kaburini kabla jeneza halijashushwa na kugoma kutoka mpaka apewe hela. Anamwiga marehemu alivyokuwa akitembea. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mgeni akiona atasema ni kufuru. Lakini alfajiri mtani huyohuyo ndiye aliyechota maji na kupasua kuni. Yuko palepale, anauona uso wa mfiwa, anajua pa kuishia. Na msiba ukihamia kwake, mfiwa wa leo ana haki ya kumfanyia vilevile. Utani una zamu. Asiye na namna ya kujibu hataniwi, anaonewa.

Tarehe 5 Novemba 2023 ilikuwa Jumapili. Musonda alifunga mapema, Kibu Denis akasawazisha, tukaenda mapumziko moja moja. Kipindi cha pili sitakirefusha: Max Nzengeli mawili, Aziz Ki moja, Pacôme Zouzoua penalti. Tano kwa moja. Usiku ule simu yangu haikupoa. Viganja vya mkono vilitumwa hata na watu ambao hawajawahi kuandika humo, na vyote vilikuwa halali kabisa. Simba walivumilia kama Yanga walivyovumilia 2012.

Katikati ya hayo kijana mmoja wa bodaboda akatuma picha. Aliitoa humohumo kwenye grupu, juu kidogo, kwa sababu majuma machache kabla ya hapo tulichangishana rambirambi ya dada anayeuza migebuka na dagaa sokoni, Simba wa kufa, aliyefiwa na mama yake. Ilikuwa picha ya jeneza uani kwao, limewekwa juu ya meza, limefunikwa kitenge cha bluu, na pembeni unaonekana mkono wa mtu anayenyoosha kona ya kitenge kisikunjamane. Mkono ule ulikuwa wa dada mwenyewe. Kijana alibandika nembo ya Simba juu ya kitenge, kiganja chenye vidole vitano pembeni, na maneno kwamba bibi huyu ana bahati, ameondoka kabla ya kuona aibu.

Chini yake vicheko vikaanza kushuka, vile vya uso unaotoa machozi. Dada hakuandika kitu. Akalefti.

Picha niliifuta na kijana nikamtoa usiku uleule, na juu ya hilo dhamiri yangu imetulia. Wapo walionitajia mfano wa magugu na ngano katika Injili ya Mathayo, kwamba mwenye shamba alikataza magugu yasing'olewe kabla ya mavuno. Lakini Yesu alipowafafanulia wanafunzi wake mfano ule alisema shamba ni ulimwengu, na grupu si ulimwengu. Kumtoa mtu humo si kuihukumu roho yake, ni kumnyang'anya kwa muda kile anachowapigia wenzake. Tena Injili hiyohiyo, sura ya 18, inaweka utaratibu wa ndugu aliyekosa: aonywe faraghani, kisha mbele ya shahidi mmoja au wawili, kisha mbele ya kanisa, na asiposikia basi awe nje. Na utaratibu huo unaanza na aliyekosewa mwenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo ipo, inagusa kumdhalilisha mtu kwa njia hiyo, na dada alielezwa. Akasema hataki polisi kwenye msiba wa mama yake. Suala la kutoa, basi, halikunipa tabu. Tabu ilikuja na kurudisha.

Siku chache baadaye kijana alifika nyumbani jioni, mvua za kwanza zikinyesha, akiwa na wazee wawili, mmoja mjomba wake. Alikaa ukingoni mwa kiti na kofia ya pikipiki mapajani. "Shikamoo, Mwalimu. Nilipitiwa. Ulikuwa utani wa mpira tu. Naomba unisamehe." Mjomba akadaka: "Kijana amekiri, Mwalimu. Mrudishe, yaishe."

Nataka kumtendea haki kijana huyu. Siku ya mazishi alibeba watu kwenda makaburini na kurudi bila kumtoza mtu nauli, na kwenye rambirambi alituma elfu tano, ambayo kwa dereva wa boda ni kazi ya nusu siku. Alinikumbusha hayo mwenyewe, wala hakuwa anajisifu. Aliamini kabisa kwamba aliyelia na mtu anaruhusiwa kucheka naye. Ndiyo imani ileile ya mtani kaburini, na ndiyo maana sikumwona mtu mbaya. Ila alichokuwa hana ni ule uso. Angekuwa uani kwa dada, akamwona anavyonyoosha kona ya kitenge, asingethubutu.

Nilimuuliza kama ameshakwenda kwa dada. Akasema anaona aibu. Mjomba akaingilia kwamba atakwenda tu, kwanza arudishwe ili watu waone amesamehewa, ndipo apate nguvu ya kwenda. Nikawaambia: mlango wa grupu ninao, naweza kuufungua sasa hivi kwa simu hii. Msamaha sina. Mama aliyechezewa jeneza si wangu.

Waliondoka bila hasira, lakini mzee wa pili aliniambia mlangoni kwamba nimelifanya gumu jambo jepesi. Nimeyafikiria sana maneno yake, na kila nikiyafikiria naona ndiyo yaliyo mageni kwa imani tuliyofundishwa, si ya kwangu. Katika Hotuba ya Mlimani, mtu amefika na sadaka yake hadi madhabahuni, na hapo akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake. Anaambiwa aiache sadaka palepale, aende kwanza akapatane na ndugu, ndipo arudi. Mungu mwenyewe anakubali kusubiri. Haambiwi kwamba akishaitoa sadaka, ya ndugu yatajinyoosha. Zakayo naye hakuishia kumpokea Bwana nyumbani. Alisema atawarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Na sisi tunaoungama kwa padre tunafundishwa kwamba ondoleo la dhambi halimwondolei mtu wajibu wa kurekebisha alichoharibu. Aliyeiba ng'ombe akaungama bado ana ng'ombe wa watu zizini.

Anayenisumbua ni Daudi. Alimchukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani. Nathani akaja, Daudi akakiri, na Nathani akamwambia kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Zaburi ya 51, ambayo mapokeo yanaihusisha na siku hizo, inalia mbele za Mungu kana kwamba mkosewa ni Mungu peke yake. Nimeifundisha Kwaresima nyingi na naipenda kuliko zaburi zote. Hata hivyo kila nikiifundisha huwa najiuliza, Uria yuko wapi? Mhiti yule, mgeni, askari aliyekataa kwenda kulala nyumbani kwake wakati wenzake wamelala porini. Sisemi Mungu alikosea kusamehe. Dhambi zote zinamgusa Yeye, na fungu lake ni lake. Ninachokiona ni kwamba katika Maandiko hakuna mwanadamu aliyethubutu kusema kwa niaba ya Uria kwamba yameisha. Nathani hakusema. Watu wa Yerusalemu hawakusema. Fungu la Uria limebaki kwa Uria, watalimaliza siku ya ufufuo.

Nilipomweleza Maalim haya aliacha kushona. Kwao, akasema, jambo hilo halina hata mjadala. Toba ya dhambi kati ya mja na Mola wake ina masharti matatu: aiache, aijutie, aazimie kutoirudia. Dhambi ikiwa imegusa haki ya mja mwenzake linaongezeka sharti la nne, airudishe haki hiyo kwa mwenyewe au amwombe mwenyewe amsamehe. Asipofanya hivyo deni linamngojea Siku ya Malipo, na huko halilipwi kwa fedha, linalipwa kwa thawabu zake. "Sasa wewe Mwalimu," akasema, "unataka umsamehe mtu deni la duka la jirani?" Mayahudi nao wanafundisha vivyo hivyo kuhusu Siku yao ya Upatanisho: makosa ya mtu kwa mwenzake hayafutwi na siku hiyo mpaka amwendee mwenzake. Dini tatu zinazobishana juu ya mengi, hapa zimekaa benchi moja.

Ilipofika 9 Desemba, Sikukuu ya Uhuru, mtu mmoja aliandika kwenye grupu kwamba hata Rais anawasamehe wafungwa, Mwalimu ni nani asisamehe. Ni hoja nzuri na inastahili jibu. Katiba, ibara ya 45, inampa Rais uwezo huo. Lakini anachosamehe ni adhabu, na adhabu ni mali ya Jamhuri kwa sababu Jamhuri ndiyo iliyoitoa. Mfungwa akitoka gerezani kwa msamaha wa Rais akakutana njiani na mjane wa mtu aliyemuua, mjane hana deni la kumchekea. Afrika Kusini walilipitia hili kwa uchungu mkubwa kuliko wetu. Sheria yao ya mwaka 1995 iliiruhusu Tume ya Ukweli na Upatanisho, iliyoongozwa na Askofu Mkuu Tutu, kumwondolea mashtaka aliyesema ukweli wote kuhusu maovu ya kisiasa aliyoyatenda. Haikumdai ajute, wala haikudai ndugu wa aliyeuawa wakubali. Familia ya Steve Biko, aliyefia mikononi mwa polisi Septemba 1977, ilikuwa miongoni mwa waliokwenda Mahakama ya Katiba mwaka 1996 kuipinga, wakashindwa. Naelewa kwa nini mahakama iliamua vile. Nchi ilikuwa ukingoni mwa shimo. Lakini alichoweza kupewa mtu pale ni kinga ya serikali dhidi ya mashtaka na madai. Anayeiita kinga hiyo msamaha wa familia ya Biko anaichukulia familia hiyo kitu ilichobaki nacho baada ya kunyang'anywa mwana.

Mimi na mlango wangu wa grupu tuko upande wa serikali katika mfano huo. Ninaweza kufunga na kufungua. Sitaki kudharau uwezo huo, maana kwa kijana wa boda grupu ni riziki: anayetaka kwenda hospitali usiku au kupeleka magunia huandika humo na wa kwanza kujibu anapata abiria. Kumweka mtu nje muda mrefu ni kumpunguzia chakula watoto wake, na kwa hiyo sikubali pia kwamba mkosewa akishika kinyongo cha maisha, mlango nao ufungwe maisha. Hilo niliwaambia wote, na dada nikamwambia mwenyewe. Muda ukipita wa kutosha nitafungua, akitaka asitake, kwa sababu mlango ni wangu kuujibia mbele za Mungu. Nisichoweza ni kufungua kisha nikatangaza kwamba amesamehewa.

Kijana alikwenda kwa dada hatimaye, kabla ya Krismasi, alfajiri, gari la samaki kutoka Kasanga lilipokuwa linashusha. Alimbebea magunia hadi mezani kwake, kisha akasema alichokwenda kusema. Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia: "Nimekusikia. Bado."

Habari hiyo ilizunguka Majengo yote, na ajabu ni kwamba lawama zikamhamia dada. Jumuiyani wakamwambia Mkristo husamehe saba mara sabini. Mama mmoja mtu mzima akamwambia kinyongo huleta presha. Walimwendea nyumbani, walimwendea sokoni, mmoja alimpigia simu usiku. Wote walimtakia mema, sina shaka, na wote walikuwa watu ambao jeneza la mama yao halikutumwa kwenye grupu. Petro ndiye aliyeuliza asamehe mara ngapi pale ndugu anapomkosea yeye, na jibu alipewa yeye aliyekosewa. Sisi wapita njia hatukukabidhiwa amri hiyo ili tukamsimamie mwenzetu nayo. Tukitaka kuitii tunayo nafasi tele katika makosa tuliyotendewa sisi. Kumharakisha mtu asamehe ili sisi tupumzike kuona uso wake umekunjamana ni kumkosea mara ya pili, tena kwa kutumia jina la Bwana.

Ufipa tunasifiwa kwa amani, na tunajisifu. Naamini sifa hiyo ni ya kweli. Lakini angalia masimulizi ya wazee yanavyoieleza ilikotoka. Mtawala wa Milansi alikuwa hayupo nyumbani walipofika wanawake wageni, na mmoja akakikalia kiti chake. Aliporudi angeweza kuita vita. Badala yake palikuwa na makubaliano: ukoo wa wageni, Watwachi, wakapata utawala wa nchi, yeye akabaki na Milansi yake na heshima ya mambo ya jadi. Sikumbuki kusikia mzee yeyote akisimulia kwamba majirani walikaa kikao wakamkubalia kwa niaba yake. Aliyekaliwa kiti ndiye aliyekubali, naye alitaja anachobaki nacho.

Januari dada alinitumia ujumbe. "Mwalimu, mrudishe, ana watoto. Mimi niacheni kwanza." Nilimrudisha kijana siku hiyohiyo. Watu wakaanza kumwaga mikono ya kushukuru na maneno ya hongera kwa kusameheana. Nikaandika chini yake kwamba amerudi kwa hisani ya dada, na kwamba kusamehe ni jambo jingine ambalo hatulijui wala halituhusu kulitangaza. Baadhi waliona nimeharibu furaha. Kijana mwenyewe hakulalamika, na nilimheshimu zaidi kwa hilo. Tangu wakati huo picha za misiba nazifuta mara mazishi yakiisha, na anayetolewa kwa kumuumiza mtu hanijii mimi kwanza.

Yanga ilishinda tena dabi ya 20 Aprili 2024, mbili kwa moja. Kijana alitania usiku kucha na hakuvuka mpaka hata mara moja. Asubuhi mzee mmoja akaniandikia pembeni kwamba si unaona sasa, mambo yamekuwa mazuri. Mazuri kwa nani? Dada bado hayumo. Mechi ile aliisikiliza kwa redio ya jirani yake wa mezani, na aliyekuwa akibishana naye kuhusu mpira kila asubuhi sokoni siku hizi anamuuliza bei tu.

Bado wamebaki wale waliocheka. Hao sikuwatoa, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Mimi naona kila mmoja wao ana deni lake kwa dada, dogo kuliko la kijana lakini lake mwenyewe, na hakuna aliyelilipa kwa kijana kubeba magunia. Nimewaandikia mmoja mmoja. Wengi wamejibu kwamba walibonyeza tu, hawakusoma vizuri. Mmoja alikwenda, akamwambia dada kuwa na yeye alicheka. Dada akamuuliza alicheka nini hasa, akakosa la kusema, na wakakaa hapo hadi mteja alipokuja. Amerudi tena mara kadhaa tangu siku hiyo, na dada amempa kazi ya kumbishia kuhusu Simba. Waliobaki nawaambia meza yake haijahama, iko upande wa migebuka, na yupo kila siku isipokuwa Jumapili.